Nilivyousoma Uso wa Mzee Efraimu

Sehemu ya saba

Mkinitukana leo nitawaelewa. Wiki zilizopita mlinicheka, wengine mkanionea huruma, na mimi nikafurahi tu, maana kuchekwa nimeshazoea. Lakini haya ya leo sijamsimulia mtu, hata mchungaji.

Kwa anayekutana na mimi kwa mara ya kwanza: naitwa Jesse, mtu wa Old Moshi. Nilikuwa mpagazi wa mlimani hadi goti likanigomea, ndipo nikapata kazi mjini kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Bhupendra. Nyuma ya duka kulikuwa na televisheni ya dishi, na kila Alhamisi mchana wateja wakipungua tulitazama poka. Watu wa nchi za mbali wamezunguka meza ya kijani, kila mmoja ameficha karata zake mbili na ameuficha na uso wake.

Mwaka ule, 2006, grosari ya Stella kule kijijini nayo ikafunga dishi. Nikagundua kwamba mchezo wa Alhamisi unarudiwa Jumamosi alasiri. Sikumwambia mtu. Nikaenda kwa Stella, nikakaa mbele, nikaanza kutabiri nani atatupa karata na nani atang'ang'ania. Nikawaambia watu kwamba nasoma nyuso.

Hapo ndipo nilipowaacha. Nimeshaitwa Profesa, nina kiti changu, na bia ya kwanza silipi.

Alhamisi ile ilikuwa fainali. Walibaki wawili, mzee wa Kimarekani mwenye kofia pana na kijana mwembamba wa Kiswidi aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Mzee alishika wafalme wawili. Kijana hakuwa na kitu, mbili na saba, hata rangi hazikufanana. Akasukuma vibati vyake vyote vya dau katikati ya meza.

Mzee akamtazama kwa muda mrefu. Akavua kofia. Akatupa wafalme wake.

"Mjinga huyu!" nikapiga kelele. "Wafalme wawili anatupa!"

Bwana Bhupendra alikuwa anamenya karanga. "Wewe ungefanya nini?"

"Ningemkamata pale pale. Si anaonekana kabisa anadanganya? Tazama shingo yake inavyocheza."

"Shingo unaiona kwa sababu karata umeshaziona," akasema. "Wameweka kamera mezani, Jesse, ndiyo maana sisi huku ni werevu sana. Ukae pale wewe, hata shingo hutaiona."

"Bosi, mimi nyuso nazijua."

"Haya. Kapange misumari."

Nilikwenda kupanga misumari huku moyo wangu uko Jumamosi. Nilijua nitawamaliza kwa Stella.

Sasa kwa wasomaji wa mbali, niwaeleze mfongo. Ni mtaro wa maji ambao babu zetu waliuchimba kutoka mtoni. Unapita juu ya vihamba vyetu, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, na kila nyumba ina zamu. Zamu yako ikifika unatoa gogo la mgomba na matope yanayoziba mlango, maji yanaingia kwako. Ikiisha unaziba, unamwita anayefuata.

Mlango wetu tuliutumia nyumba tatu. Kila Jumamosi alianza Mektrida, mama mwenye ng'ombe watatu na malalamiko ya kila siku kwamba maji hayamtoshi. Saa saba nilipokea mimi. Saa kumi nilimwachia Mzee Efraimu.

Mzee Efraimu alikuwa rafiki wa marehemu baba, mgane, mzee wa kanisa, mtu asiyepandisha sauti hata kwa mbwa. Kuziba mlango ule nilifundishwa na yeye. Baba alikuwa na haraka na mkali, Efraimu ndiye aliyekuwa na muda na mimi.

Kwa Stella mchezo ulianza saa tisa na nusu. Saa tisa na robo bado nilikuwa shambani na jembe. Ilikuwa Februari, kiangazi kikali, na Jumamosi ndiyo siku wanayofungua bwawa la juu, kwa hiyo maji yalikuwa yanakuja kwa nguvu. Nikatazama saa. Nikakimbia mlangoni, nikasukuma matope kidogo kwa mguu, kwa uangalifu nisichafue viatu. Gogo la mgomba lilikuwa hatua tatu tu kutoka pale niliposimama.

Sikuliinua. Na Mzee Efraimu sikumwita.

Njiani nilijiambia nimeziba. Nawaambia nyie ukweli: nilijua sijaziba.

Kwa Stella watu walijaa hadi barazani. Filemon, mwenyekiti wa mfongo wetu, alikuwa ameketi karibu na kiti changu.

"Profesa, leo unatupa nini?" akauliza.

"Tulia, Mangi, mkubwa wetu. Nataka kwanza niwatazame."

Nikawatazama kama daktari. Mzee wa kofia, kijana wa miwani. Karata zikagawiwa, na sisi watazamaji tukaonyeshwa wafalme wawili upande mmoja na takataka upande mwingine. Kijana akasukuma vibati vyote.

"Kijana amekwisha," Filemon akasema. "Mwenye wafalme hatupi hata kidogo."

"Atatupa," nikasema.

"Wafalme? Acha utani."

"Atavua kofia kwanza. Halafu atatupa."

Watu wakasogeza viti. Mzee akavua kofia. Akatupa.

Jamani, kelele zile! Stella mwenyewe alitoka nyuma ya kaunta na kitambaa mkononi. Mtu mmoja alisema mimi nilikuwa nafaa kwenda mnadani kununua ng'ombe, maana wauzaji wa kule wanaficha nyuso kuliko Waswidi. Mwingine akasema hapana, nilikuwa nafaa polisi. Filemon alinishika bega akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na mtu wa kawaida je? Unaweza kumjua akidanganya?"

"Mtu ni mtu," nikajibu.

Nilirudi nyumbani jua linazama, nimelewa bia kidogo na sifa nyingi. Yuditha, mke wangu, alikuwa anafunga mzigo, kesho yake alfajiri alikuwa anakwenda Kibosho kumuuguza mama yake. Aliniambia jambo. Nikamwambia, "Sawa, sawa," nikaendelea kuwasimulia watoto habari ya kofia.

Jumapili kanisani ndipo niliposikia. Maji yaliyokosa mtu wa kuyaelekeza yalivunja tuta pale mlangoni, yakateremka korongoni, yakaingia kwenye kitalu cha Salvina, jirani yetu wa chini. Miche ya kahawa ikachukuliwa pamoja na viriba vyake, vile vifuko vya udongo, karibu yote.

Salvina alikuwa ameing'oa mibuni ya mumewe, ile ya zamani iliyokwisha kwa magonjwa, na miche ile ndiyo ilikuwa iingie mahali pake. Aliikuza peke yake. Kiangazi kizima aliinywesha kwa kopo, mche mmoja mmoja. Ibada ilipokwisha hakulia. Alisimama tu mlangoni akisalimiana na watu, na mikono yake ilikuwa na matope yaliyokaukia kwenye kucha.

Nikampa pole. Ndiyo, mimi. Nikamshika mkono nikamwambia, "Pole sana, mama."

Jumanne asubuhi Filemon alituita pale pale mlangoni pa mfongo. Watu walisimama pande zote mbili za mtaro. Mwenye kosa angefungiwa maji hadi masika yaje, na watu wote walijua maana yake. Migomba yako itakauka, na ng'ombe utamchotea mtoni kwa ndoo, bondeni kabisa.

"Kitalu kilisombwa kama saa kumi," Filemon akaanza. "Mlango huu una watu watatu. Profesa hatuna haja ya kumuuliza. Saa kumi alikuwa kwa Stella, sote tulimwona."

Watu wakaitikia. Hakuna aliyeuliza niliondoka saa ngapi wala nani aliziba. Nikasubiri aulize mtu mmoja tu. Nafikiri angeuliza, ningesema. Au labda najidanganya.

"Mektrida," Filemon akasema. "Kila siku unalia maji hayakutoshi. Jumamosi ulirudi kuiba?"

"Niibe nini?" Mektrida akawaka. "Saa kumi nilikuwa nakamua! Njooni muwaulize ng'ombe wangu! Unaniita mwizi mbele ya watu, Filemon, wewe ambaye mpaka wako umeusogeza mara mbili?"

Watu wakacheka. Filemon akageuka haraka.

"Mzee Efraimu. Shikamoo. Kuna mtu alikuona hapa Jumamosi na jembe, umejaa matope hadi magotini. Ulifika saa ngapi?"

"Saa kumi na robo."

"Uliukuta mlango wazi au umezibwa?"

Mzee Efraimu akavua kofia.

"Meku, mzee wetu, tunakuheshimu. Jibu tu."

Akameza mate. Akatazama maji. Halafu akanitazama mimi, mara moja, akaangalia chini haraka na kuanza kuzungusha kofia yake mikononi.

"Siwezi kusema," akasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

Minong'ono ikaanza. Salvina alikuwa amesimama ng'ambo ya mtaro, anamtazama mzee kama vile hamjui. Ndipo mtu mmoja wa kwa Stella akapaza sauti: "Si tuna Profesa hapa? Awasome!"

Wakacheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Filemon akanigeukia. Hakuwa anatania.

"Profesa, wewe huna upande. Watazame hawa wawili, utuambie."

Nilipaswa kusema pale. Maneno yalikuwa machache tu: mlango niliuacha mimi. Lakini nikifungua mdomo, yangetoka na mengine. Kwamba nilikimbilia televisheni. Kwamba mchezo nilishauona Alhamisi. Kwamba sijui kusoma uso wa mtu yeyote, sikuwahi kujua, na wamekuwa wakimnunulia bia mwongo. Nikayaona macho yao yote, na niwaambie aibu yangu nzima: nilipenda walivyokuwa wananitazama.

Nikamsogelea Mektrida. Alinikazia macho. "Soma!" akasema. "Soma hadi ushibe!"

Nikaenda kwa Mzee Efraimu. Nilisimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake. Hakuinua macho. Uso wake haukuandikwa asilimia za kushinda pembeni kama kwenye televisheni, ulikuwa uso tu, mzee, haujanyolewa vizuri upande wa kushoto. Lakini koo lilicheza, na kofia ilizunguka, na kila mtu aliona kwamba mtu huyu anaficha kitu.

"Anaficha," nikasema.

"Nani?"

"Mzee. Mzee anaficha kitu."

Sikusema ameacha mlango. Mnaona ujanja wangu? Nilisema neno la kweli, na neno la kweli likatosha.

Filemon akamuuliza kama ana la kujitetea. Mzee Efraimu akavaa kofia yake. "Sina," akasema, akaondoka zake taratibu kwa kile kiuno chake kibovu. Pale pale wakaamua: amefungiwa mfongo hadi masika, na ni juu yake kwenda kumwomba Salvina radhi. Watu wakanipa mkono. Mektrida peke yake hakunipa. Alinitazama juu hadi chini, akatema mate kwenye mtaro.

Jioni Yuditha akarudi kutoka Kibosho. Alikuta nimekaa jikoni sijala.

"Nasikia makubwa," akasema. "Nasikia umemhukumu Mzee Efraimu."

"Ni kikao kilichoamua."

"Jesse." Aliweka kikapu chini. "Si nilikwambia?"

"Uliniambia nini?"

"Jumamosi! Nilikwambia ukiwa pale, unarukaruka na watoto. Mzee alikuja hapa saa kumi na moja, ametapakaa matope. Akasema mwambie Jesse mlango ameusahau wazi, nimeuziba mimi. Akasema asiwe na wasiwasi, maji yamemharibia Salvina lakini tutakwenda wote wawili, mimi na yeye, tumwombe. Akasema hatamwambia mtu hadi wewe uwe tayari."

Nikasimama, nikakaa tena.

"Ulijibu 'sawa, sawa'," Yuditha akasema. "Nikajua umesikia."

Kumbe pale mtaroni mzee alikuwa anaficha kweli. Alikuwa ananificha mimi. Alikuwa ametoa neno lake, ananisubiri, na aliponitazama ile mara moja alikuwa ananipa nafasi. Na mimi nikamsogelea nikawaonyesha watu koo lake.

"Utakwenda kwa Filemon asubuhi," Yuditha akasema. Hakuwa anauliza.

"Nitakwenda."

Sikwenda. Jumatano niliondoka mapema kwenda kazini, nikajiambia nitapita jioni. Jioni, nikipanda kutoka mjini, nikamwona Mzee Efraimu mbele yangu kwenye njia ya mtoni. Alikuwa anapanda na ndoo. Kila hatua nane au tisa aliiweka chini, akashika kiuno, akaiinua tena. Nusu ya maji yalikuwa kwenye suruali yake.

Nikajificha nyuma ya migomba mpaka akapita. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, nimechuchumaa kwenye migomba ya watu.

Siku hiyo Yuditha hakuniuliza kitu. Alinitengea chakula akaenda kukaa nje.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nafunga viatu nilipoona miguu imesimama mbele yangu. Nikainua kichwa, ni Mzee Efraimu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unakwenda mjini?"

"Ndiyo, baba."

"Leo si ndiyo siku ya karata zenu?"

Nikakaza kamba ya kiatu. Alifungua koti, akatoa jani refu la isale, bichi, limekatwa asubuhi ile. Nikaacha viatu. Kwetu mtu akikukosea, anakuletea isale limefungwa fundo. Ukiletewa huwezi kukataa. Na ukishalipokea, jambo limekwisha, halifukuliwi tena na yeyote.

"Pitia kwa Salvina kwanza," akasema. "Mpelekee."

"Baba, ngoja nikueleze..."

"Juzi ulinisoma vizuri." Midomo yake ilikuwa inatetemeka, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona Mzee Efraimu amekasirika. "Nilikuwa naficha. Ulisema kweli mbele ya watu wote. Siwezi kukulaumu kwa hilo."

"Nisamehe, baba."

"Mimi nimechoka kubeba ndoo, Jesse. Na wameniambia Jumapili hii nipumzike kukusanya sadaka." Akanisukumia jani mkononi. "Nimelikata tu. Fundo sijafunga. Fundo anafunga mwenyewe mwenye jambo."

Akaondoka. Hakugeuka nyuma.

Nilishuka kwa Salvina na lile jani. Njiani nilisimama nikafunga fundo. Vidole vilikataa mara mbili, mara ya tatu likashika. Nikaona nimeshaamua. Nilijisikia mwepesi, hata nikaanza kupanga maneno: mama, ni mimi, niliacha mlango, nilikimbilia televisheni.

Salvina alikuwa kwenye kitalu. Kulikuwa na viriba vichache amevikusanya kivulini, anavijazia udongo mpya kwa kiganja. Pembeni yake, ameinama na kiriba mkononi, alikuwa Filemon. Na nyuma ya Filemon wanaume wanne wa kwa Stella, wenye majembe, wamekuja kumsaidia kurudisha tuta.

"Profesa huyo!" mmoja akaita. "Jamani, leo tupo pamoja!"

"Na Jumamosi je?" mwingine akadakia. "Nimemwahidi shemeji yangu wa Rau nitamleta akuone!"

Salvina hakuitikia utani wao. Alikuwa ameshaliona jani. Akanyanyuka polepole, akajifuta mikono kwenye kanga, akaja hadi karibu yangu. Wanaume wakaacha majembe.

"Isale siwezi kulikataa," akasema. "Lakini nataka kusikia kwa mdomo wako. La nani hili?"

Nikamtazama Salvina. Nikawatazama wale wanaume nyuma yake, wananisubiri huku wanatabasamu, kama wanavyonisubiri mbele ya televisheni.

Nikafungua mdomo, na nikajisikia ninaanza kusema:

"La Mzee..."